Ngazi Iliyovishwa Soksi

Alfayo Khisa Wamukota, mwana wa Reuben Wamukota wa Chwele, mjukuu wa Nasambu mfinyanzi. Nasambu, mama yangu mzazi, alibeba vyungu kumi na viwili hadi sokoni, na kabla ya kuuza hata kimoja alikigonga kwa kifundo cha kidole mbele ya wanunuzi. Kilichotoa sauti mbovu alikipasua papo hapo juu ya jiwe, watu wakiona. Reuben, kaka yangu, alijenga vivuko vitatu vya mbao juu ya mto Kuywa, na hakuna mtoto wa shule aliyewahi kutumbukia kwa kosa la mikono yake. Na Alfayo mwenyewe, kwa miaka kumi na mmoja katika kiwanda kimoja kusini mwa Riyadh, alivunja viti mia nne na kumi na sita, akakunja ngazi sitini na tatu, akaangusha rafu na meza ambazo mwisho aliacha kuzihesabu, ili wewe uliyezinunua usianguke nazo.

Nimemtaja hivyo kwa sababu wenye kiwanda wamemtaja vingine. Kwenye karatasi yao wameandika kwamba Alfayo ni mfanyakazi aliyekataa kazi. Eti alikataa kazi. Acha niseme kazi aliyoikataa ilikuwa kazi gani.

Mimi ni senge yake, dada wa baba yake. Niko Jeddah tangu mwaka wa themanini na sita, nyumba moja, familia moja. Nimelea watoto sita wa hapo na sasa watoto hao wana watoto. Shule niliishia darasa la saba. Hesabu za mainjinia sizijui na sitajifanya nazijua. Lakini ngazi naijua. Nimeosha madirisha ya watu juu ya ngazi hadi magoti yakakataa, na hakuna injinia aliyewahi kuja kuniuliza ninaipandaje.

Alfayo alikuja Riyadh akiwa na miaka ishirini na saba. Alipanga chumba Manfuha na wanaume wengine sita, kwenye nyumba kuukuu ambayo ukuta wake ukiuegemea shati linageuka jeupe. Kiwandani walimweka kupakia malori. Huo mwaka wa kwanza hakuwa na hadithi yoyote ya kuniambia kwenye simu ila mgongo. Halafu siku moja mtu wa chumba cha majaribio aliugua, wakamwita Alfayo anyanyue magunia ya mchanga, kwa vile alikuwa na mabega. Hakurudi kwenye malori tena.

Mkuu wa chumba kile alikuwa mzee mmoja, Injinia Wajdi, mtu mkimya, jicho moja limeingia ukungu. Huyo ndiye aliyemfundisha. Kila kitu kipya kiwandani kilipita kwa Wajdi kabla hakijaenda dukani. Kiti kilikandamizwa na kuachiwa na mkono wa chuma mara elfu kumi, usiku na mchana, na Alfayo akikaa pembeni na daftari akisubiri kilie. Ngazi ilitundikwa magunia ya mchanga hadi ikakunja magoti. Nyingine iliachwa juu ya paa mwezi mzima wa Julai, jua la Riyadh liipige, ndipo ikaletwa ndani ipimwe upya. Wajdi alimwambia kwamba mchoro unakuonyesha yale uliyoyafikiria, na gunia la mchanga linakuonyesha yale usiyoyafikiria. Alfayo alinisomea maneno hayo kutoka daftarini mwake kama mtu anayesoma aya. Nikamwambia, hayo bibi yako aliyajua bila daftari. Akacheka.

Wajdi pia alikuwa na sheria moja ambayo wenzake waliiona ya kizee. Kila ngazi mpya, hata ikishafaulu majaribio yote, zipelekwe arobaini kwenye nyumba za watu, zitumike siku thelathini, ndipo mpimaji atie sahihi ya mwisho. Bila sahihi hiyo mali haitoki getini. Na mpimaji, Wajdi alipostaafu na kurudi kwao, alikuwa Alfayo.

Mahali pa Wajdi akaletwa Injinia Nadim. Kijana nadhifu, kompyuta yake ina vioo viwili. Alikuwa anaichora ngazi mle ndani, anaikandamiza kwa kidole kwenye kibao, na ngazi inabadilika rangi: samawati ni salama, nyekundu itavunjika. Alfayo hakuidharau kompyuta ile, nami nisimsingizie. Aliniambia inaokoa muda, kwamba makosa ambayo zamani yaliwagharimu ngazi tano sasa yanaonekana kabla chuma hakijakatwa. Tatizo ni kwamba Nadim, baada ya kuona samawati, alikuwa ameshamaliza. Majaribio ya miezi mitano akayafanya ya wiki tatu. Mkono wa chuma ukazimwa. Paa likawa la kukaushia mazulia. Sheria ya siku thelathini tu ndiyo aliyoiacha ibaki, kwa kuwa bosi mwenyewe, mwenye kiwanda, alipenda kuwapa marafiki zake zawadi ya vitu vipya.

Ndipo ikaja ngazi nyekundu. Vipandio sita, nyepesi, inakunjwa ikaingia nyuma ya mlango. Ilitakiwa iwe madukani kabla ya Ramadhani, na anayeishi huku anajua kwa nini. Mwezi wa Shaabani nyumba zote zinaoshwa kuanzia darini. Mapazia yanashushwa, viyoyozi vinafunguliwa, thurea, ile taa kubwa ya vioo vinavyoning'inia, inafutwa kioo kimoja kimoja. Kama kuna mwezi wa kuuza ngazi, ni huo. Na kama kuna mwezi ambao wasichana wetu wanaishi hewani, ni huohuo.

Kila mguu wa ngazi una kiatu chake cha mpira, kile kinachoshika sakafu. Wajdi alitumia mpira wa kijivu. Nadim akaweka mweusi. Mweusi ulipatikana upesi, na nguvu zake, kwenye kompyuta, zilikuwa sawasawa. Alfayo aliupima mpira huo kwenye kipande cha marumaru, kikavu, kisha akamwaga maji, akapima tena. Ukashika vizuri. Akaandika umefaulu. Ngazi arobaini zikaenda kwenye nyumba za marafiki wa bosi, Riyadh na Jeddah, na fomu ya mwisho ikabaki mezani kwake ikisubiri siku thelathini.

Siku ya tisa, Maryann akaanguka.

Maryann ni binti wa Kakamega, miaka ishirini na minne, alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Dereva wao alikuja kuniita kwa sababu Kiarabu changu ni cha nyumbani, watu wananiita kama daktari. Nilimkuta chini ya thurea, nguo imeloa, mguu wake umelala upande ambao mguu haulali. Hakuwa analia. Alikuwa anaomba msamaha. Amevunjika nyonga, na anaomba msamaha kwa sababu ndoo ilimwagika kwenye zulia.

Madam wake alisimama mlangoni akanionyesha ngazi kwa kidole. "Tazama mwenyewe. Ameivisha soksi."

Na ni kweli. Ngazi nyekundu ilikuwa imevaa soksi nne nyeupe, za shule, za watoto wa nyumba ile. Madam alisema katika maisha yake hajaona akili ya namna hiyo, kuivalisha ngazi soksi kisha kuisimamisha kwenye marumaru yenye maji. Akawaambia hivyo hivyo watu wa kiwanda walipompigia simu. Na Nadim, akiwa Riyadh, mbali na nyonga ya mtu yeyote, akaandika ripoti ya mstari mmoja: kosa ni la mtumiaji.

Nilimpigia Alfayo siku hiyohiyo. Nilimsema vibaya. Nilimwambia ngazi yake imemvunja mtoto wa watu, nikamwambia bibi yake angeipasua juu ya jiwe na yeye pamoja. Niliendelea hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akaniuliza, "Senge, soksi zilikuwa za nini?"

Nikamwambia zilikuwa za ujinga, umesikia mwenyewe. Akasema hapana, mtu hajisumbui kuanua soksi kwenye kamba na kuivisha ngazi bila sababu; nenda ukamuulize. Nilikasirika, lakini hospitali nilikuwa naenda tu.

Maryann alinieleza akiangalia ukuta. Ngazi ile, tangu siku ya pili, ilikuwa inaacha alama nyeusi kwenye marumaru. Mwezi mdogo mweusi kila uliposimama mguu. Sabuni haikuutoa. Madam alimpigisha magoti na mswaki wa meno, siku tatu, sebule nzima, akimhesabia alama. Siku ya nne Maryann akaona hana nguvu ya kusugua tena. Akaenda kwenye kamba akachukua soksi. Alama zikaisha. Madam akanyamaza. Zilikaa siku tano zile soksi, na madam aliziona, na hakusema neno, maana marumaru yalikuwa meupe.

Niliporudi Al-Baghdadiyah, mtaa wa hapa Jeddah, kwenye nyumba ambako tunakutana Ijumaa wanawake wa kwetu, nikawasimulia. Mourine akainua mkono kama yuko darasani. Mourine anafanya kazi za saa, nyumba kumi kwa wiki, na mdomo wake ni wa nyumba ishirini. Akasema moja ya nyumba zake ina ngazi nyekundu kama hiyo na yeye pia ameivisha. "Lakini mimi nimeivisha za baba, Mama. Nzito. Sikuiachia ivae za shule."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Wanawake wawili, mitaa miwili, hawajuani, wamefanya jambo moja. Sasa huo ni ujinga wa nani?

Alfayo alikuja Ijumaa iliyofuata kwa basi, saa kumi na mbili za jangwa, na ngazi nyekundu imefungwa kwenye blanketi. Alileta na kipande cha marumaru kizito kama kaburi. Alivyoingia alivua viatu, akatusalimia wote kwa vyeo vyetu, akasema anataka tumfundishe kuosha thurea. Si kumweleza. Kumfundisha.

Hapo ndipo wanawake walipopata siku yao. Walimfunga leso kiunoni. Walimwambia ndoo haikai chini, wewe. Ndoo inaning'inia kwenye kipandio upande wa kushoto, usije ukashuka mara mia. Eucabeth, mwenye chumba, alimwambia mguu mmoja juu ya kipandio cha mwisho, mwingine kwenye kingo ya dirisha, la sivyo hufiki. Mourine akamzunguka. "Huyu anaosha au anapaka rangi? Yalla, haraka, bosi anakuja." Alfayo akasonga mbele, ndoo ikimvuta huku, mkono ukimvuta kule, na akaandika daftarini, akapanda tena. Alikuwa amepima ngazi ile kwa kilo mia na hamsini za mchanga, zimewekwa katikati, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Hakuna anayesimama hivyo. Hakuna aliyewahi kusimama hivyo.

Kisha akasema, sasa osheni sakafu kama mnavyoosha. Eucabeth akachemsha maji, akatia sabuni, akatia klorini vifuniko vinne, akamwaga juu ya marumaru yale.

Alfayo akashika mkono wake. Akauliza, "Hiyo ni kila siku?"

Eucabeth akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kama anapika na chumvi. Kila siku, mwaka mzima, na Shaabani mara mbili. Marumaru bila klorini na maji moto, madam anasema unasikia harufu ya miguu. Na ngazi inasimama humo humo, na jioni inaachwa chooni ikiwa imeloa.

Aliisimamisha humo ngazi yake, tukanywa chai. Baada ya saa moja na nusu Alfayo akainua ngazi. Chini yake palikuwa na miezi minne myeusi. Akaigusa mipira, ikawa inanata, ikamwachia wino kidoleni. Akakaa chini penye maji, na suruali yake ya safari, akasema, "Senge, mimi nilimwaga maji ya bomba."

Nilikuwa nimeweka hasira yangu tayari kwa ajili yake. Ikabidi niitafutie mtu mwingine. Maana huyu alikuwa amekuja, amepanda, amechekwa, amejua kosa lake na amelikalia. Wangapi wenye vyeo wamewahi kukaa kwenye maji ya Eucabeth?

Alirudi Riyadh akafanya kazi kama alivyofundishwa na Wajdi. Mipira kumi na miwili myeusi, mipira kumi na miwili ya kijivu ya zamani, kwenye maji moto ya klorini, siku saba. Chumba chake cha Manfuha kilinuka hadi wenzake wakahamia kulala paani. Kila asubuhi aliitoa, akaisimamisha kwenye marumaru chini ya uzito, akaangalia. Ya kijivu haikuacha kitu. Myeusi iliacha mwezi siku ya kwanza, na siku ya saba ilikuwa laini kama ubani uliotafunwa. Halafu akaivisha ngazi soksi. Akafunga magunia ya mchanga kilo sitini na mbili, uzito wa Maryann, juu kwenye kipandio cha mwisho, na ndoo ya maji upande wa kushoto. Ikateleza. Akaipima mara ishirini. Iliteleza mara ishirini.

Aliyaandika yote kwa mpangilio. Klorini inatoa rangi kwenye mpira, rangi inachafua marumaru, marumaru yakichafuka mtu anavisha soksi, soksi zinateleza. Akampelekea Nadim.

Nadim hakupiga kelele, na hilo ndilo linalonichoma. Alimjibu kwa adabu. Alisema kipimo cha serikali hakitaji klorini. Alisema kipimo hakitaji soksi. Alisema kijitabu cha maelezo, ukurasa wa sita, kinakataza kusimamisha ngazi penye maji na kinakataza kufunika miguu yake. Alisema hawezi kubuni ngazi kwa ajili ya kila kichaa.

Kijitabu. Mwanangu unayesoma, wewe umewahi kuona kijitabu cha ngazi? Mimi nimeishi nacho nyumba moja miaka thelathini na nane. Kinakaa kwenye droo ya madam pamoja na betri zilizokufa. Kimeandikwa Kiarabu na Kiingereza, herufi za mchwa, na anayepanda ngazi ni msichana anayeambiwa yalla kabla hajameza mate. Kichaa ni nani hapo? Anayeogopa mswaki wa meno, au anayetengeneza kitu cha kuoshea nyumba bila kuuliza nyumba inaoshwaje?

Siku ya ishirini na tisa, bosi mwenyewe alishuka kwenye chumba cha majaribio. Ni mzee wa heshima, Alfayo hasemi vinginevyo. Ndiye aliyekuwa kafili wake, mdhamini wake, miaka yote hiyo, na ikama yake, kibali cha kuishi, haikuwahi kuchelewa. Alfayo alimwonyesha. Alimwaga maji, akavisha soksi, akatundika ndoo. Ngazi ikaondoka kwenye marumaru, magunia yakashuka chini, yakapasua kipande kile vipande vitatu. Bosi akasema irudiwe. Wakaleta marumaru mengine. Ikarudiwa.

Bosi akauliza mpira wa kijivu unachukua muda gani kufika. Nadim akasema wiki tano. Ramadhani ilikuwa imebaki siku kumi na nane.

Akasema mpira utabadilishwa baada ya Ramadhani. Hizi zilizokwisha kutengenezwa zitoke. Kwenye kijitabu iongezwe sentensi moja, kwa wino mwekundu.

"Bosi," Alfayo akamwambia, "anayeanguka hajakiona hicho kijitabu."

"Wewe saini, mwanangu. Mengine niachie mimi."

Fomu iliwekwa mezani. Ina mistari kumi na moja, jaribio moja kila mstari, na mahali pa sahihi chini. Wapo watu ambao wangesema mkono unauma, au wangeomba ruhusa ya choo. Alfayo alichukua kalamu. Kwenye mstari wa saba, wa kuteleza, alikuwa ameandika umefaulu, kwa mkono wake, wiki tano nyuma. Akakata. Akaandika pembeni: haikufaulu. Akaandika na tarehe. Kisha akatia sahihi, si ya kuruhusu, ya kukataa, na majina yake yote matatu.

Huko ndiko kukataa kazi wanakokusema. Alifanya kazi yote hadi mstari wa mwisho.

Unataka kujua walifanya nini na fomu ile? Nadim alichapisha nyingine. Ya mistari kumi. Mstari wa kuteleza haukuwepo tena, kama jino lililong'olewa, na chini akatia sahihi yeye mwenyewe. Ngazi elfu tatu zikatoka getini kwa malori, na waliozipakia ni wanaume wa Manfuha wanaolala chumba kimoja na Alfayo.

Yeye walimwandikia khuruji, karatasi ya kutoka moja kwa moja, usirudi. Miaka kumi na mmoja, halas, imekwisha. Maryann alikuwa ametangulia. Alisafirishwa kwa kiti cha magurudumu, na vyuma vitatu kwenye nyonga, na kwenye karatasi zake pia kuna neno. Yake ni uzembe. Nimeishi na hasira nyingi kwenye nchi hii, nyingine nimezizika mwenyewe kwa mikono yangu, lakini hii ya maneno mawili hayo, uzembe na kukataa kazi, nakataa kuizika. Ndiyo maana naandika, na maandishi yangu ni ya darasa la saba, nisomeni hivyohivyo.

Kabla hajatoka kiwandani, Alfayo alimwendea mtunza ghala. Alijua kuna gunia la viatu vya kijivu, vya ngazi za enzi ya Wajdi, vilivyosubiri kutupwa. Vipimo vilevile, mguu uleule. Mtunza ghala alimwandikia kikaratasi cha taka, akamfungulia geti. Akapanda basi la Jeddah, maana khuruji haichagui uwanja wa ndege, ukitaka unaondokea huku.

Aliingia Al-Baghdadiyah Jumatano asubuhi, gunia begani kama siku zile za malori. Ndege yake ilikuwa ya alasiri. Eucabeth alikuwa amepika ugali na mboga, Alfayo hakula zaidi ya matonge matatu. Alimwaga gunia sakafuni, akavihesabu mbele yetu: viatu mia nane na kumi na viwili. Ngazi mia mbili na tatu.

Mimi nikasogea. Nilidhani kazi hiyo itakuwa yangu. Mimi ndiye damu yake na ndiye mkubwa hapo. Nikasema nipe, nitaanza na mtaa wetu.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Senge, wewe unajulikana nyumba moja. Mourine anaingia kumi."

Iliniuma, sitaficha. Lakini ilikuwa kweli, na mtu wa kupima hakudanganyi hata ukiwa senge yake. Nikarudi kwenye kiti changu.

Akamwita Mourine akae naye chini. Alileta ngazi ileile aliyoiacha kwetu, akamwonyesha: unailaza, unakanyaga hapa, unasokota kushoto, kiatu cheusi kinatoka, cha kijivu unakiloweka kwenye maji moto kwanza, unakisukuma kwa kisigino cha mkono hadi usikie kimekaa. Mourine alifanya mpira wa kwanza, ukatoka upande. Akafanya wa pili. Wa tatu ulikaa. Alfayo akausimamia kwa uzito wake wote, akausokota, akautikisa, akasema toa, rudia. Mourine akamwita jina baya la kwetu, akarudia.

Kisha Alfayo akampa daftari jipya, ameshalipiga mistari. Nyumba ipi. Tarehe. Mpira ulikuwa wa hali gani. Kulikuwa na soksi au hakukuwa. Umempata mtu aliyeanguka au hujampata, na alikuwa amesimama vipi. Kila viatu ishirini, upige picha ya ukurasa, unitumie Chwele, na nyingine uitume kwa bosi kiwandani, kwa jina lako na jina langu, hata asipojibu. Na wanawake wanaokuja hapa Ijumaa uwafundishe, kila mmoja aondoke na viatu vinne mfukoni.

Mourine alikuwa ameacha utani. Alivikusanya viatu gunini, vinne vinne, amevifunga kwa uzi. Akauliza ngazi elfu tatu, viatu vya mia mbili, vingine atatoa wapi. Alfayo akasema vikiisha amwambie, atatafuta mpira huo hata Nairobi, lakini aanze na hivi, Ramadhani imebaki siku sita na watu wako juu ya ngazi sasa hivi tunavyoongea.

"Na madam akinikuta nimeilaza ngazi yake sakafuni, naivua viatu? Nimwambie nini?"

Alfayo alikuwa anafunga begi lake. Akasema, "Mwambie vile vyeusi vinachafua marumaru. Atakushikia taa mwenyewe. Anza na nyumba ya leo."